Santuri ya Billy Fury ya mwaka 1960: nimeinunua, nimeisikiliza, nawaambia

Nimenunua santuri. Upana wake inchi 10, nyimbo zake 10, na pande zote mbili zinakwisha ndani ya dakika 20 hivi. Jina lake ni The Sound of Fury, ya Billy Fury, kijana wa Liverpool aliyeirekodi Aprili 1960, mwezi uleule aliotimiza miaka 20. Nakala yangu si ya mwaka huo. Ni toleo la baadaye lililofuata umbo la lile la kwanza la kampuni ya Decca. Nimelipa pauni 18 kwenye duka la vitu vilivyotumika hapahapa mjini, na kwa nilivyoisikia ningetoa zaidi.

Mimi ni muuguzi, kwetu Tanga, Ngamiani. Liverpool nina miaka 12, na mingi kati ya hiyo nimeimaliza kwenye wodi ya wagonjwa wa moyo. Jina la Billy Fury nililisikia kwa bibi mmoja niliyekuwa namuuguza zamu ya usiku. Hakuwa anapata usingizi, basi akaniuliza kama najua kwamba Billy alizaliwa Smithdown Road, kwenye hospitali ambayo siku hizi haipo, mahali pake pana supamaketi. Barabara hiyo napita kwa basi kila siku, na supamaketi hiyo ndiyo ninamonunulia mchele. Nikamwambia sijui. Akaimba mstari mmoja polepole ili asiwaamshe wenzake, na mgonjwa wa kitanda cha pili, naye bibi wa makamo yaleyale, akaudaka mstari wa pili gizani. Waliimba mpaka mwisho wa kiitikio. Mimi nimesimama na kipimo cha presha mkononi, nimesahau kilichonileta.

Wimbo ule ulikuwa Halfway to Paradise, wa mwaka 1961, uliofika nafasi ya 3 kwenye chati ya Uingereza. Niliporudi nyumbani asubuhi niliutafuta, nikaupenda, nikasikiliza na nyingine kubwa zake. Zina vinanda, vinubi, kundi zima la wapiga fidla, na katikati yake sauti ya mtu anayekuomba usiondoke. Nzuri. Lakini nilipofika kwenye santuri hii ya mwaka mmoja kabla, nilishtuka. Huyu alikuwa mtu mwingine, na hapo ndipo nilipoanza kuwaza kwamba watu wanaihesabu vibaya safari yake. Wanasema alipanda mpaka 1963, kisha Beatles wakaja akashuka. Mimi masikio yangu yananiambia alianza kupotea mapema zaidi, katika miezi ileile ambayo chati ilikuwa inampandisha.

Nianze na alikotoka. Jina lake la nyumbani ni Ronald Wycherley, kazaliwa 17 Aprili 1940. Utotoni alipata homa ya baridi yabisi, ikamharibia moyo. Hilo nitalirudia, maana ndilo linalonihusu zaidi. Alipoacha shule alifanya vibarua, na kwa muda alikuwa kwenye tagi hapa mto Mersey, zile meli ndogo zenye nguvu zinazovuta meli kubwa kuingia gatini. Marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye tagi bandari ya Tanga, wakivuta matishali kwenda kwenye meli zilizotia nanga mbali, kwa sababu gati letu lilikuwa na kina kifupi. Naijua kazi ile inavyomrudisha mtu nyumbani: nguo zina harufu ya dizeli na chumvi, masikio yamejaa injini. Kijana mwenye moyo mbovu kwenye kazi ile, jioni anashika gitaa na kutunga nyimbo za mapenzi. Nikifika hapo humwona kabisa.

Alitunga nyingi. Tarehe 1 Oktoba 1958 alivuka mto kwenda Birkenhead, ukumbi wa Essoldo, ambako mwimbaji Marty Wilde alikuwa na onyesho. Nia yake ilikuwa kumuuzia Wilde nyimbo. Meneja wa Wilde, Larry Parnes, akamsikiliza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kisha akamsukuma jukwaani usiku uleule. Akaondoka na msafara. Parnes alikuwa na desturi ya kuwapa vijana wake majina mapya yenye moto au yenye upole: Wilde mwenyewe alizaliwa Smith, na baadaye wakaja Georgie Fame, Dickie Pride, Duffy Power, Johnny Gentle. Ronald akawa Billy Fury, yaani Billy Ghadhabu. Mtu mwenye haya, mpenda ndege na wanyama, aliyepewa jina la hasira. Na jukwaani jina lilimkaa. Mwaka 1959 kule Dublin walishusha pazia yeye bado anaimba, kwa jinsi alivyokuwa akijinyonganyonga na kipaza sauti.

Sasa santuri yenyewe.

Nyimbo zote 10 katunga yeye. Naomba msomaji asipite hapo haraka. Mwaka 1960 mwimbaji kijana wa Uingereza alikuwa akipewa wimbo wa Mmarekani uliokwisha kufanya vizuri kwao, anauimba tena, basi. Huyu kaingia studio ya Decca, West Hampstead, London, na nyimbo zake mwenyewe, nyingine zikiandikwa kwa jina la bandia, Wilbur Wilberforce, isionekane kila mstari wa jalada ni Fury, Fury, Fury. Mtayarishaji alikuwa Jack Good, yule aliyekuwa akitengeneza vipindi vya televisheni vya muziki wa vijana, na alichotaka ni ile sauti kavu ya rokenroli ya kusini mwa Marekani, ya bendi ndogo isiyo na mapambo. Akafanya jambo moja la akili sana: akaweka wapiga besi wawili. Mmoja ana besi kubwa ya mbao iliyosimama, anaipiga nyuzi kwa kiganja ili itoe kofi. Mwingine ana besi ya umeme inayotoa noti yenyewe. Ukisikiliza kwa spika nzuri utausikia mpasuko kwanza, halafu uzito unafuata nyuma yake kama mtu anayeshuka ngazi.

Gitaa ni la Joe Brown, miaka 18 tu. Sijui nisemeje kuhusu gitaa lile. Halijazi nafasi. Linangoja Billy amalize sentensi, linajibu kwa noti nne tano, linanyamaza. Mimi nimekulia kwenye nyumba iliyopiga Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kutoka asubuhi, na nina mazoea na sauti ya watu waliokaa chumba kimoja wakapiga pamoja huku wanatazamana. Sauti hiyo ipo hapa. Piano ni ya Reg Guest, na ngoma ni za Andy White, yuleyule ambaye Septemba 1962 aliitwa kupiga ngoma kwenye Love Me Do ya Beatles.

Upande wa kwanza unaanza na That's Love, na hapa nina lawama. Waitikiaji, kundi la Four Jays, wamewekwa karibu mno, wanamfunika mwimbaji mahali ambapo ningetaka nimsikie peke yake. Ndio uliotolewa pia peke yake kwenye santuri ndogo, ukafika nafasi ya 19, kwa hiyo naelewa walitaka upendeze redioni. Ukivuka huo, mambo yanafunguka. Phone Call ina wasiwasi wa kweli wa mtu anayengoja simu. Turn My Back on You ndio moto wa santuri nzima. Besi inapiga makofi, Brown anakata, na Billy anaimba kwa sauti ya chini kuliko unavyotarajia, kama anayekueleza jambo baya bila kuinua mkono. Wimbo huo nimeurudia mpaka jirani akanigongea ukuta, na alipofungua mlango kumbe alitaka kujua ni nani anayeimba.

Kati ya hizo mbili ndipo ilipo You Don't Know. Hii ni ya polepole, na ndiyo inayonitoa machozi.

Homa ya baridi yabisi huanza na kitu ambacho kila mama wa pwani anakijua: mafindofindo. Mtoto anaumwa koo, linapona, wiki mbili tatu baadaye viungo vinavimba, homa inapanda, na kinga ya mwili iliyopaswa kupigana na vijidudu inashambulia milango ya moyo. Milango inapata makovu. Mingine haifungi vizuri, mingine haifunguki sawasawa. Liverpool ya miaka ya 1940, yenye nyumba zilizosongamana na familia kulala chumba kimoja, ilikuwa na watoto wengi wa namna hiyo. Penisilini na nyumba bora vimeufanya ugonjwa huu kuwa nadra Uingereza, na wagonjwa wa aina hiyo ninaowapokea sasa wengi ni wazee au watu waliozaliwa nchi kama zetu. Kwetu bado upo. Mdogo wangu wa mwisho aliupata akiwa darasa la pili. Alikuwa muimba kaswida mzuri, na katika maulidi tulimzoea kwa tabia moja: anakata neno kabla halijaisha, anavuta pumzi kidogo, anaendelea. Watu walidhani ni madoido. Walikuwa wakimsifu. Alipofika miaka 17 hakuweza tena kupanda ngazi, ndipo tukajua. Milango miwili ya moyo wake imebadilishwa Dar es Salaam, sasa ni fundi cherehani, anameza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku, na ukikaa naye karibu chumba kikiwa kimya unausikia moyo wake ukigonga kama saa.

Kwa hiyo Billy anapokata neno kwenye You Don't Know, mimi simsikii Billy peke yake. Najua kuimba kama mwenye kwikwi ulikuwa mtindo wa rokenroli, Wamarekani waliuanza, na kijana huyu aliusoma kwao. Sidai kwamba santuri ni kipimo cha moyo. Nasema tu kwamba nimesikia pumzi fupi nyingi kazini na nyumbani, na katika wimbo ule pumzi na huzuni vimekaa pamoja kiasi kwamba siwezi kuvitenganisha.

Upande wa pili una uzito mdogo kidogo. Don't Say It's Over na It's You I Need zinafanana mno kuwekwa upande mmoja, na hapo ndipo umri wa mtunzi unapoonekana. Alright, Goodbye inaokoa, ina ule uchangamfu wa mtu anayeaga huku anajifanya haumii. Unafunga na Don't Leave Me This Way, polepole, halafu sindano inapanda. Hakuna kilichorefushwa. Kuna matoleo ya CD yaliyoongezwa nyimbo nyingine mwishoni. Nimeyasikiliza, na ushauri wangu ni uzime mashine baada ya wimbo wa 10, angalau mara ya kwanza.

Santuri ilitoka Mei 1960 ikafika nafasi ya 18. Si vibaya kwa kijana, lakini kwa wenye fedha haikutosha. Mwaka uliofuata wakampa Halfway to Paradise, wimbo wa Carole King na Gerry Goffin wa Marekani, pamoja na okestra. Nafasi ya 3. Wakampa Jealousy, muziki wa zamani wa dansi ya tango wa Mdenmaki Jacob Gade, uliowekewa maneno. Nafasi ya 2, na hiyo ndiyo ya juu kabisa aliyowahi kufika. Katika miaka ya 1960 alipata nyimbo 24 kwenye chati, hakuna hata moja iliyofika namba 1. Ukiwa meneja, na wimbo wa mtu mwingine wenye fidla unakuletea nafasi ya 3 wakati kazi yake mwenyewe yenye gitaa na besi imeishia 18, unajua utakachochagua. Sioni ubaya wa mtu hapo. Lakini mtunzi akanyamazishwa. Wimbo baada ya wimbo unamsikia akiimba vizuri zaidi, sauti imekomaa, imepata mwili, na maneno si yake. Bibi zangu wawili wa wodini wasingekubaliana nami, kwao Billy ni yule wa fidla, na walikuwapo wakipiga kelele kwenye viti mimi sijazaliwa. Nawaheshimu. Bado naona kilichopotea ni kikubwa kuliko kilichopatikana.

Kuna jambo ambalo kila nikipita Seel Street hulikumbuka. Tarehe 10 Mei 1960, mwezi uleule wa santuri hii, Parnes na Billy walikuja kwenye klabu moja ya mtaa huo kutafuta bendi ya kumsindikiza Billy. Miongoni mwa waliojaribiwa walikuwa vijana waliojiita Silver Beetles. Hawakupata kazi ya Billy, walipewa safari ya Scotland kumpigia Johnny Gentle. Baada ya miaka mitatu vijana hao, jina likiwa limepunguzwa kuwa Beatles, waliugeuza muziki wote wa nchi hii, na kilichowapa nguvu ni kwamba walitunga nyimbo zao wenyewe. Mtu aliyekaa mezani kuwasikiliza siku ile alikuwa tayari ana santuri nzima ya nyimbo zake, inasubiri kuingia dukani.

Yaliyofuata nitayapitia upesi, yananiuma. Wimbo wake wa mwisho kuingia kumi bora ulikuwa wa 1965. Mwaka 1966 aliachana na Decca, akaenda Parlophone, hakupata tena wimbo wa chati huko. Mapenzi yake yalihamia kwa wanyama. Farasi wake Anselmo alimaliza wa 4 kwenye mbio kubwa za farasi za Derby za 1964. Alifanyiwa upasuaji wa moyo 1972 na 1976, akaacha misafara. Mwaka 1978 alitangazwa kufilisika kwa deni la kodi. Aliishi kwenye shamba Wales. Machi 1982 alianguka akiwa kazini shambani, nusura afe, na hata hivyo alirudi studio, akatoa nyimbo zilizogusa chati chini kabisa, nafasi ya 57 na 58. Tarehe 28 Januari 1983 akafa London. Miaka 42. Ule moyo wa Smithdown Road ulikuwa umemchukua mbali kuliko nilivyotarajia niliposoma historia yake ya ugonjwa.

Leo ana sanamu ya shaba Albert Dock, kazi ya Tom Murphy. Ilizinduliwa Aprili 2003, na aliyeifunua ni Jack Good, yule mtayarishaji wa wapiga besi wawili. Nilipolijua hilo nilikwenda nikasimama pale mapumziko yote ya mchana.

Kwa anayetaka kununua. Tafuta toleo la inchi 10, la sauti ya mono, yaani vyombo vyote na mwimbaji vinatoka kwa njia moja. Nimesikia lililochezewa ili gitaa liende upande huu na sauti upande ule, likaniudhi, linawatawanya watu waliokuwa chumba kimoja. Angalia ukingo wa upande wa kwanza kwenye mwanga kabla hujalipa, maana ndipo sindano inaposhushwa kila mara. Nakala yangu ina mkwaruzo kwenye My Advice unaogonga mara sita kisha unapita. Jalada halina maelezo ya kutosha kuhusu waliopiga vyombo, na hilo ni kosa la toleo, mnunuzi anastahili majina. Nakala ya kwanza niliagiza kwa posta kutoka duka jingine, ikafungwa kwenye bahasha nyembamba kama barua, ikafika imepinda, nikairudisha. Omba kadibodi mbili ngumu, na uandike ombi hilo kabisa. Nakala halisi za 1960 bei yake ni ya wakusanyaji, mimi siiwezi, na sioni kama masikio yanaihitaji.

Nyota nampa nne na nusu kati ya tano. Nusu niliyoikata ni ya waitikiaji wa wimbo wa kwanza na zile mbili zinazofanana.

Juzi nilimrekodia mdogo wangu upande wa kwanza kwa simu, nikamtumia Tanga. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, cherehani inasikika nyuma yake. Hakuuliza ni nani anayeimba wala ni wa wapi. Alisema, "Dada, huyu kwenye wa nne alikuwa anaumwa?" Halafu akaomba upande wa pili. Nitamtumia nikitoka zamu ya kesho.